Singeli ikiingia klabu: anachobadilisha DJ, anachobadilisha promota

DJ aliyekomaa kwenye vigodoro (sherehe za mtaani za usiku kucha) vya Manzese, Tandale au Mburahati anapopewa usiku wake wa kwanza klabuni, mara nyingi kinachomwangusha si nyimbo alizobeba. Ni kuta. Singeli, muziki wa kasi wa Dar es Salaam, imekulia nje, kwenye mtaa uliozibwa kwa turubai na viti vya plastiki, na sauti ikishatoka kwenye spika inapotelea hewani. Ndani ya ukumbi sauti hiyohiyo inagonga zege, vioo na vigae, kisha inarudi.

Hesabu yake ni rahisi. Singeli inakimbia kati ya BPM (mapigo kwa dakika) 200 na 300. Kwenye BPM 240, pigo moja linafuata jingine kila baada ya sekunde 0.25. Ukumbi wenye mwangwi wa sekunde 1 unakuwa bado umebeba mabaki ya mapigo manne yaliyopita wakati la tano linatoka. Bongo fleva ya BPM 100 ina sekunde 0.6 kati ya pigo na pigo, kwa hiyo ukumbi huohuo unaivumilia. Ndiyo maana meneja anashangaa: mitambo ni ileile, jana ilisikika safi, leo besi imekuwa uji.

Kosa linalofuata ni kuongeza besi. Usiongeze. Anza kwa kupunguza desibeli 3 au 4 kwenye eneo la 200 hadi 300 Hz, halafu sikiliza tena ukiwa katikati ya ukumbi, si pale kwenye meza yako. Spika za besi ziweke pamoja chini, sehemu moja, badala ya kuzitawanya kwenye kona nne, maana kila kona inakuletea besi kwa muda wake. Pazia zito kwenye ukuta wa nyuma linasaidia sana sauti za juu na za kati. Kwa besi halifanyi kitu. Na kumbuka kwamba watu nao wanameza sauti: ukumbi mtupu wa saa 11 jioni utasikika vibaya kuliko ukumbi uliojaa saa 6 usiku, kwa hiyo usiharibu kila kitu ukipambana na mwangwi ambao watu wenyewe watauondoa.

Kuna jambo la monita, spika ya DJ mwenyewe, ambalo promota wengi wanalibana ili kuokoa fedha. Sauti inasafiri takriban mita 343 kwa sekunde. DJ anayetegemea spika za ukumbi zilizo mita 17 kutoka alipo anasikia kila kitu kikiwa kimechelewa sekunde 0.05. Kwenye BPM 100 hiyo ni sehemu ndogo ya pigo na hedifoni zinatosha kumwokoa. Kwenye 240 ni moja ya tano ya pigo, na mapigo ya nyimbo mbili yatagongana usiku kucha huku akiamini amepatia. Monita moja nzuri, usawa wa sikio, isiyozidi mita 2 kutoka alipo, ni lazima. Kama bajeti inabana, punguza taa.

Tuje kwenye nyimbo zenyewe. Singeli imetoka kwenye mchiriku, muziki wa mtaani wa Dar es Salaam, na vinanda vyake vidogo vya Casio, na kwenye taarabu iliyokatwa vipande na kukimbizwa mpaka sauti ya mwimbaji ikapanda kama ya mtoto. Ma-DJ wake wengi wanapiga kwa laptop na programu ya Virtual DJ, vidole vikiwa kwenye vitufe vya kibodi, wakirudiarudia vipande vifupi kwa kasi. Klabu inakukabidhi pleya za USB na miksa. Programu za kuandaa nyimbo kwa kawaida zimewekwa kutafuta kasi kati ya 70 na 180, hivyo singeli ya 210 itaandikwa 105. Hilo si tatizo ilimradi nyimbo zako zote ziandikwe namna moja. Tatizo ni pale nusu yake imesomwa 105 na nusu 210, ukabonyeza kitufe cha kulinganisha kasi, wimbo ukapaa au ukazama mbele za watu. Pitia maktaba yote nyumbani, wimbo kwa wimbo.

Nusu hiyo hiyo ndiyo daraja lako. Bongo fleva ya 105 inaungana na singeli ya 210 bila mtu kujikwaa. Amapiano ya 112 hadi 115 inaingia kwenye 224 hadi 230. Kutoka hapo panda BPM 5 hadi 8 kwa kila wimbo. Ukiruka kutoka 115 hadi 280, wanaojua singeli watafurahi na wengine wote watarudi kwenye viti. Kupiga dakika 20 hadi 25 za singeli, kisha kushuka nusu, ni bora kuliko saa nzima mfululizo: miguu inapumzika, kaunta inauza, na mwenye ukumbi atakuita tena.

Mafaili yaliyotumwa WhatsApp kama sauti ya kawaida yanaweza kubanwa na kupoteza sauti za juu. Mwombe mtayarishaji atume kama dokumenti, MP3 ya kbps 320 au WAV. Biti nyingi za mtaani tayari zimepakiwa sauti hadi ukingoni, kwa hiyo shusha geini, yaani nguvu ya sauti inayoingia kwenye miksa. Taa nyekundu kwenye miksa ikiwaka mfululizo, twita ndizo zinaungua kwanza.

MC mpe chaneli yake, ukate kila kitu chini ya 120 Hz. Mwambie mapema asifunike kichwa cha maiki kwa kiganja na asisimame mbele ya spika. Mambo hayo mawili ndiyo yanaleta mlio mkali usiokwisha.

Kwa promota, andika makubaliano kabla ya kuchapa bango: fedha za mlango ni za nani, za kaunta ni za nani, mitambo ikiharibika nani analipa. Tuseme kwa mfano gharama zote ni shilingi 2,400,000 na kiingilio ni 10,000. Unahitaji watu 240 wanaolipa ili usipate hasara, na wageni wa bure hawamo kwenye hesabu hiyo. Kama ukumbi unaingiza 250, usiku huo hauna faida ya maana. Badilisha kitu sasa. Fuatilia vibali vya BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na halmashauri, na leseni ya hakimiliki ya muziki, wiki kadhaa kabla. Jina la singeli bado linawakumbusha maofisa vigodoro, kwa hiyo karatasi zako ziwepo mlangoni.

Usisahau LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mitambo na taa zikila wastani wa kilowati 4 kwa saa 6, ni yuniti 24, bila kuhesabu friji na viyoyozi. Soma mita kabla ya kufungua mlango na ununue mapema, kwa sababu mtandao ukigoma saa 8 usiku hakuna wa kukuuzia.