Parkour si samasoti

Parkour ni ufundi wa kutoka hapa hadi pale kwa mwili mtupu: kukimbia, kuruka, kuparamia, kuning'inia, kutua bila kuumia. Basi. Kinachonikera ni swali la kila anayejiandaa kwa mbio za vizuizi, zile za kuparamia kuta na kamba njiani: "Parkour ya nini, kwani mimi naenda kupiga samasoti, kupinduka angani?"

Tuanze na neno lenyewe. Jeshi la Ufaransa lina "parcours du combattant", njia ya mazoezi yenye kuta, kamba na mahandaki. Mizizi yake inafika kwa Georges Hébert, ofisa wa majini aliyeshiriki kuokoa watu Martinique volkano ya Pelée ilipolipuka mwaka 1902, na aliyefundisha kwamba mtu awe na nguvu ili awafae wengine. Raymond Belle, mzimamoto wa Paris, alikulia katika mazoezi ya aina hiyo, akamwachia mwanawe David. Huyo na wenzake wakayahamishia kwenye kuta na ngazi za Lisses, kusini mwa Paris, na "parcours" ikaja kuandikwa parkour. Yaani jina lenyewe ni njia ya vizuizi! Mwaka 1997 kundi lao lilijiita Yamakasi, kutoka Kilingala "ya makasi", wenye nguvu. Msomaji wa Kinshasa hahitaji tafsiri. Wa Tanga huenda anawaza mkasi.

Samasoti je? Sébastien Foucan, mmoja wa vijana hao, ndiye aliyevuma na mtindo huru, ambao mtu hupinduka angani kwa sababu anapenda kupinduka. Kamera zikaupenda, na watu wakauita wote parkour.

Sasa ukutani. Mkimbiaji wa kawaida hufika, husimama, kisha hujivuta kwa mikono. Wa parkour hapunguzi mwendo: anakanyaga ukuta usawa wa nyonga, anausukuma, ile kasi inampandisha, mikono inadaka ukingo tu. Ukuta mmoja si kitu, lakini baada ya kuta sita mikono hiyo bado inatakiwa kwenye kamba na vyuma vya kuning'inia. Akishuka, anatua kwa sehemu ya mbele ya nyayo, magoti yakikunjika. Kama ni juu sana, anabiringika kutoka bega moja hadi nyonga ya upande wa pili. Magoti yake yatamshukuru kesho yake.

Ila anayejiandaa kwa mbio za vizuizi hapati pumzi ya safari ndefu kwenye parkour. Mbio za vizuizi za Spartan za daraja la Beast ni kilomita 21, na parkour ni vipande vya sekunde chache chache. Mbio azizoeze barabarani, na mfuko wa mchanga unaobebwa kwenye mashindano hayo ajizoeze kuubeba mwenyewe.

Kwa hiyo kijana akipinduka angani, mpigie makofi, ila huo uite mtindo huru. Wa parkour ni yule pembeni anayerudia ukuta uleule mara ya thelathini, hakuna anayemrekodi. Muulize huyo mguu anauweka wapi.