Farasi wa Sarafu za Wagiriki na Warumi: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Sarafu ya drakma nne ya Sirakusa, mji wa Wagiriki kisiwani Sisilia, ina upana wa milimita 25 hivi na uzito wa gramu 17 za fedha. Ndani ya kiduara hicho mchongaji amepenyeza gari, mwendeshaji wake, farasi wanne na mungu mke mwenye mabawa. Vichwa vya farasi vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kikichungulia kidogo kama kivuli cha mwenzake, maana farasi hao walikimbia bega kwa bega, hawakufuatana foleni. Mtu aliyeketi na patasi akachonga kazi hiyo kwenye chuma, tena kinyumenyume ili chapa itoke sawasawa, anastahili sarafu yake isomwe alivyokusudia. Ndiyo maana huniuma ninapoona maelezo ya ovyo yakibandikwa chini ya picha zake.

"Gari la farasi ni gari la vita"

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote. Kufikia karne ya 5 KK Wagiriki hawakupigana kwa magari. Walipigana kwa miguu, ngao kwa ngao, na wengine juu ya migongo ya farasi. Gari lilibaki kwenye mashindano, na heshima kubwa kuliko zote ilipatikana Olympia, kwenye michezo ya Olimpiki ya kale. Mtazame mwendeshaji kwenye sarafu: amevaa kanzu ndefu ya mashindano, hana ngao wala mkuki. Juu anaruka Nike, mungu mke wa ushindi. Kwenye sarafu za awali Nike hamvishi taji mwendeshaji, anawavisha farasi. Kwangu mimi, hakuna jambo linalopendeza zaidi ya hilo katika sarafu zote za kale.

Wengine wanajua kwamba ni mashindano, lakini wanakosea kwa kusema kila gari la Sirakusa linamkumbuka Gelon, mtawala aliyeshinda Olympia mwaka 488 KK na kuutwaa mji mwaka 485 KK. Gari lilikuwa kwenye sarafu za mji kabla yake. Kinachohusishwa na zama zake ni kuja kwa Nike.

Mnamo mwaka 400 KK wachongaji Kimon na Euainetos walitengeneza sarafu kubwa za drakma kumi, zenye gramu 43 hivi. Wao hawakuona haya kutia majina yao kwenye chapa. Chini ya gari wamepanga kofia ya chuma, dirii, ngao na vikinga-miguu. Mtu akiona hivyo atasema, si ndiyo vita yenyewe? Lakini kwenye sarafu ambazo mwandiko haukukatwa ukingoni, chini ya silaha hizo pamechongwa neno moja la Kigiriki, *athla*: zawadi za washindi.

"Mshindi ni yule anayeshika hatamu"

La. Mshindi alikuwa mwenye farasi, na mwenyewe aliweza kuwa mbali kabisa na uwanja. Kyniska, binti wa mfalme wa Sparta, alitangazwa mshindi Olympia mwaka 396 KK na tena mwaka 392 KK kwa sababu farasi walikuwa wake. Philip wa Pili wa Makedonia alipata habari ya ushindi wa farasi wake mwaka 356 KK akiwa vitani. Plutarch, mwandishi Mgiriki wa zama za Warumi, anasimulia kwamba habari hiyo ilimfikia pamoja na nyingine mbili: jemadari wake amewashinda Wailiria, na mkewe amejifungua Alexander, yule aliyekuja kuitwa Mkuu. Philip akautia ushindi wake kwenye fedha. Sarafu yake ya drakma nne ina farasi mkubwa, shingo imeinuliwa, na juu yake kijana mdogo asiye na nguo ameshika tawi la mtende la ushindi. Wapo wanaomwita kijana huyo Philip au Alexander. Ni mpanda farasi wa mashindano tu, na hata jina lake halikuandikwa. Jina lililoandikwa ni la mwenye farasi.

"Wanyama wote wanaokokota magari hayo ni farasi"

Hapa naomba msomaji atazame masikio. Sarafu za Messana, mji ulio kwenye mlangobahari kati ya Sisilia na Italia, zina gari linalokokotwa na mnyama mwenye masikio marefu, na mwendeshaji wake ameketi. Kwenye magari ya farasi mwendeshaji husimama. Hao ni nyumbu. Kiswahili kinatutatiza kidogo kwa neno hili: simsemi nyumbu wa Serengeti, namsema mtoto wa punda dume na farasi jike, anayeitwa pia baghala.

Mbio za magari ya nyumbu ziliingizwa Olympia mwaka 500 KK. Anaxilas, mtawala wa Rhegion aliyeitawala pia Messana, alishinda mbio hizo, na sarafu za miji yote miwili zikabeba gari lake. Upande wa pili kuna sungura anayekimbia. Mbio zilifutwa mwaka 444 KK, lakini Messana iliendelea kupiga chapa ya nyumbu kwa miaka mingi baadaye, kwa sababu watu walikwishaizoea na kuiamini.

Nyumbu hawakuwa na hadhi ya farasi, na Wagiriki walilijua hilo. Aristotle anasimulia kuwa mshindi wa mbio za nyumbu alimwomba mshairi Simonides amtungie wimbo, akatoa malipo madogo. Mshairi akakataa, akisema haoni fahari kuwaimba nusu-punda. Alipopewa malipo ya kutosha, akaanza kwa kuwasalimu kama mabinti wa farasi wenye miguu ya tufani, ilhali walikuwa mabinti wa punda pia, asema Aristotle. Kwa hiyo ukikuta maelezo ya "gari la farasi" chini ya sarafu ya Messana, ujue mwandishi amewapandisha cheo bila hata kulipwa.

"Sarafu yenye farasi mwenye mabawa ni ya Korintho"

Mara nyingi ndiyo, si kila mara. Pegasus ni wa Korintho kwa haki: hadithi yasema shujaa Bellerophon alimnasa kwenye chemchemi ya Peirene mjini humo, kwa lijamu ya dhahabu aliyopewa na Athena. Ndiyo sababu Athena yuko upande wa pili wa sarafu na kofia yake ya chuma ameisukuma nyuma. Watu wa zamani waliziita sarafu hizo *poloi*, watoto wa farasi, kama zile za Athene zilivyoitwa bundi. Lakini miji iliyoanzishwa na Wakorintho, kama Ambracia na Leukas, nayo ilipiga sarafu za Pegasus. Namna ya kuzitofautisha ni kutazama chini ya tumbo la farasi. Ukikuta kiduara chenye kijiti chini yake, hiyo ni herufi *koppa*, iliyoanza jina la Korintho kwa tahajia ya kale. Wagiriki waliacha kuitumia katika maandishi ya kila siku, ikabaki kwenye fedha.

"Farasi mwenye pembe ni Bucephalus"

Seleukos, jemadari wa Alexander aliyejitwalia Babeli na Shamu, alitoa sarafu zenye kichwa cha farasi mwenye pembe. Kwa kuwa jina Bucephalus maana yake ni kichwa cha ng'ombe, wengi hukata shauri papo hapo kuwa ndiye farasi wa Alexander. Siafikiani nao. Seleukos huyohuyo ana sarafu zenye gari linalokokotwa na tembo, na tembo hao nao wana pembe vichwani. Pembe ilikuwa alama ya nguvu za kimungu. Haikuwa ufafanuzi wa jina la farasi mmoja. Tena Seleukos alikuwa na farasi wake wa kumshukuru. Malalas, mwandishi wa Antiokia, anasimulia kuwa karibu na mji huo palikuwa na sanamu ya kichwa cha farasi, na maandishi yaliyosema kwamba juu ya huyu Seleukos alimkimbia hasimu wake Antigonos akaokoka, kisha akarudi akamshinda.

"Mchongaji alisahau vikuku"

Hakusahau. Vikuku vya kutia miguu vilifika Ulaya katika karne ya 6 au ya 7 BK. Mpanda farasi wa Kigiriki alijirusha mgongoni, akajishikilia kwa mapaja. Sarafu "ya kale" yenye vikuku ichunguze vizuri kabla hujatoa pesa.

"Dinari ya Roma ilikuwa na sura ya Kaisari tangu mwanzo"

Kwa sababu ya kisa cha Injili cha sarafu ya kodi, tukisikia dinari tunamwona Kaisari. Dinari ilizaliwa mnamo mwaka 211 KK, katika vita dhidi ya Hannibal, jemadari wa Karthago, ikiwa na kichwa cha mungu mke na alama ya X, yaani thamani ya sarafu kumi za shaba zilizoitwa *as*. Upande wa pili mapacha wa kimungu Castor na Pollux wanakwenda mbio juu ya farasi, mikuki mbele. Ni mapacha walewale ambao chapa yao ilikuwa kwenye meli iliyomtoa Mtume Paulo Malta na kumfikisha Sirakusa. Warumi waliamini mapacha hao waliwasaidia katika vita vya ziwa Regillus, kisha wakaonekana wakiwanywesha farasi wao mjini Roma. Mwanzoni mwa karne ya 1 KK ofisa wa fedha wa ukoo wa Postumius, ukoo wa jemadari wa vita hivyo, alichapa dinari yenye farasi wakinywa maji. Hapo farasi anatangaza ukoo.

Baadaye zikaja dinari zenye gari la farasi wawili, zikaitwa *bigati*. Tacitus, mwanahistoria Mrumi, anaandika kwamba Wajerumani, miaka mingi baadaye, walizipenda hizo za zamani kuliko mpya. Waliziamini kwa kuwa walizijua.

"Caligula alimtia farasi wake Incitatus kwenye sarafu"

Hakuna sarafu ya namna hiyo. Hata ule ukonsuli wa Incitatus, yaani cheo cha juu cha uongozi wa Roma, Suetonius, mwandishi wa maisha ya makaisari, anasema tu kwamba yasemekana Kaisari Caligula alikusudia kumpa. Farasi waliopo kwenye sarafu za shaba za Caligula wamewabeba kaka zake wawili, Nero na Drusus, walioangamia chini ya utawala wa Tiberius, kaisari aliyemtangulia. Huyo Nero si yule aliyekuja kuwa kaisari. Yaani pale watu wanapotafuta wazimu, kuna mtu anayewaomboleza ndugu zake.

"Wakelti hawakujua kuchora farasi"

Sarafu za dhahabu za Philip, zenye gari la farasi wawili, zilisafiri mbali kupitia biashara na askari wa kukodiwa. Makabila ya Wakelti wa Gaul, Ufaransa ya leo, yakaanza kuziiga katika karne ya 3 KK, na katika karne ya 2 KK zikafika Uingereza, kabla askari wa Roma hajakanyaga huko. Mwili wa farasi ukawa mistari na nukta, miguu ikaachana na kiwiliwili, mkia ukapasuka mara tatu. Wanaosema huo ni ushamba hawajaona jinsi mistari hiyo ilivyokatwa kwa mkono thabiti, na jinsi chapa baada ya chapa ilivyorudia umbo lilelile kwa makusudi. Kwenye nyingi za Uingereza mwendeshaji hayupo tena, gari limeyeyuka, farasi wawili wamekuwa mmoja. Ila chini ya tumbo lake, mara nyingi, gurudumu moja limebaki.