Acheni kubonyeza *#62#

Ujumbe umerudi tena. Safari hii nimetumiwa na wakili, mtu mwenye leseni na joho lake: "Bonyeza *#21#, kisha *#62#. Ukiona namba usiyoijua, serikali inakusikiliza. Watumie wote uwapendao." Chini yake ameongeza: "Injinia, mimi imenionyesha namba. Nifanyeje?"

Futa ujumbe, wakili. *#21# inauliza mtandao kama simu zako zinaelekezwa kwingine wakati wote. *#62# inauliza zinaelekezwa wapi ukiwa umezima simu au uko pasipo na mtandao. Namba unayoiona kwa kawaida ni ya kituo cha ujumbe wa sauti cha kampuni yako. Ni kweli wapo matapeli wanaomhadaa mtu abonyeze msimbo wa kuelekeza simu zake kwao ili wavune namba za siri za benki, na hapo *#21# ina faida. Lakini hao ni wezi tu, hawajui hata geti la idara ya ujasusi liko wapi. Serikali ikinasa mawasiliano yako kwa njia rasmi, nakala ya mazungumzo inatolewa ndani ya mitambo ya kampuni, na simu yako haihusishwi kwa lolote. Hakuna mwangwi wala "krr krr". Mwangwi ni spika ya uliyempigia inayoingia kwenye maikrofoni yake. Betri kupata moto ni TikTok.

Nimefanya kazi ya mitambo ya simu kabla sijahamia upande huu wa kuwasomea rekodi mawakili wa utetezi hapa Mombasa, na kinachonichosha ni kwamba hofu yenyewe imekaa mahali pasipo pake. Watu wanaogopa sikio. Katika mafaili ninayoletewa, sauti iliyonaswa ni nadra. Rekodi za simu, yaani orodha ya nani alimpigia nani, lini na kupitia mnara gani, zimo karibu katika kila faili.

Sababu ni gharama. Kusikiliza kunataka mtu, na mtu huyo ajue Kigiriama, au Kisomali cha Mandera, au lugha ya vijana wa Kongowea ambayo inabadilika kila muhula wa shule. Alipwe, apumzishwe, asilale zamu. Rekodi hazitaki mtu. Kampuni inaziandika hata hivyo, kwa sababu bila hizo haiwezi kukutoza. Kila mstari una namba iliyopiga, namba iliyopigiwa, tarehe, saa, muda kwa sekunde, IMSI (namba ya utambulisho ya laini), IMEI (namba ya utambulisho ya simu yenyewe), na namba ya mnara uliohudumia simu. Ukiwa na simu ya intaneti mfukoni, mistari inaendelea kuandikwa hata hujapiga wala kupigiwa. Katika kesi ya Carpenter huko Marekani, polisi walipata alama 12,898 za mahali alipokuwa mtu mmoja katika siku 127. Ni kama alama 100 kwa siku. Mahakama ya Juu ya huko ikasema mwaka 2018 kwamba mtu asichukuliwe rekodi kama hizo bila kibali cha hakimu, na walipita kwa kura 5 dhidi ya 4 tu.

Hebu tazama faili moja, nimebadilisha vya kutosha asijulikane mtu. Kijana amevunja laini yake, amenunua nyingine iliyosajiliwa kwa jina la mtu asiyemjua, na anajiona amepotea kabisa machoni mwa dola. Laini mpya ameiweka kwenye simu ileile. IMEI haikubadilika, kwa hiyo mstari wa kwanza wa laini mpya umeungana na mstari wa mwisho wa laini ya zamani kana kwamba hakuna kilichotokea. Tuseme angebadilisha na simu pia. Kila Ijumaa jioni kuna namba moja ya Malindi anayoongea nayo kama robo saa. Mama yake hajabadilisha namba. Ongeza M-Pesa, ambapo kila muamala una jina, na hapo hakuna haja ya kusikia hata neno moja alilosema.

Sasa, kabla wenzangu wa haki za binadamu hawajanipigia makofi: rekodi hizi zinafanya kazi. Kesi ya Westgate, shambulio la Septemba 2013 kwenye jengo la maduka jijini Nairobi lililoua watu 67, ilisimama kwa sehemu kubwa juu ya mawasiliano ya simu kati ya washtakiwa na washambuliaji. Oktoba 2020 wawili wakatiwa hatiani. Asemaye kwamba ufuatiliaji hausaidii kitu hajawahi kukaa mahakamani akasoma. Lakini shika na hili pia: mshtakiwa wa tatu katika kesi hiyohiyo hakimu alimwachilia huru, na siku iliyofuata akanyakuliwa na watu wenye bunduki jijini Nairobi. Kwa hiyo ukiniambia ushahidi wa simu unaleta haki, nitakuuliza ni wa nani uliofuatwa, wa kumfunga au wa kumwachilia.

Tena kuna tofauti kubwa kati ya kuchukua rekodi za mtu unayemshuku na kuchukua za kila mtu kisha uanze kutafuta. Marekani walijaribu hiyo ya pili, wakakusanya rekodi za simu za karibu nchi nzima kwa miaka, mpaka Edward Snowden, aliyekuwa akifanya kazi katika ujasusi wao, akalipua mambo Juni 2013. Maafisa walitaja mipango 54 ya ugaidi iliyozimwa kwa programu zao. Bodi ya serikali yenyewe ikakagua, na Januari 2014 ikasema haikuona hata kisa kimoja cha tishio kwa Marekani ambamo mkusanyo ule wa simu ulibadilisha matokeo ya uchunguzi wa ugaidi. Kilichobaki mkononi kilikuwa kisa cha dereva wa teksi Msomali wa San Diego aliyetuma takriban dola 8,500 kwa al-Shabaab. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikasema mkusanyo ule ulivunja sheria, ingawa hukumu yake yeye ikabaki palepale. Nchi nzima iliandikwa daftarini, akapatikana dereva.

Kwetu sheria ikoje? Nitapita haraka, mawakili watanisahihisha. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha ya mawasiliano, na ya 24 inasema haki inaweza kubanwa, lakini kwa sheria na kwa kiasi kinachostahili. Desemba 2014, baada ya mauaji ya Mandera, Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za usalama katikati ya vurugu ukumbini. Kifungu cha 36A kikaingizwa katika Sheria ya Kuzuia Ugaidi: vyombo vya usalama wa taifa vinaweza kunasa mawasiliano ili kugundua, kuzuia na kuvuruga ugaidi, kwa utaratibu atakaouweka waziri. Upinzani ukaenda kortini. Februari 2015 majaji 5 wa Mahakama Kuu wakafuta vifungu 8 vya sheria ile, na hiki cha kunasa mawasiliano wakakiacha. Watu hushangilia vile 8 wakasahau hiki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ile inayotajwa kila mtu anapotumiwa matangazo ya kamari, ina mlango wake: kifungu cha 51 kinaondoa kwenye sheria hiyo matumizi yanayohitajika kwa usalama wa taifa au maslahi ya umma.

Na kama rekodi zimechukuliwa vibaya? Wateja hudhani kesi inaanguka papo hapo. Haianguki. Ibara ya 50(4) inataka ushahidi huo utupwe iwapo kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki au kutadhuru utoaji wa haki. Hakimu ndiye mwenye kupima. Nimeona faili lenye kibali cha mahakama kilichoandikwa vizuri, na nimeona faili lenye barua ya kituo cha polisi tu, mistari mitatu na muhuri uliopinda, na yote mawili yakaendelea mbele.

Nikiri jambo ambalo kwenye semina huwa tunalifunika. Huwa tunasema dawa ni sahihi ya hakimu. Mimi mwenyewe sina hakika. Ombi la kibali husikilizwa upande mmoja tu. Mtu anayetafutwa hayupo na hatakiwi kujua. Hakimu ana mafaili mengine mezani, na anayeomba amevaa sare. Na mwaka 2017 Privacy International, shirika la kutetea faragha, walitoa ripoti wakieleza kwamba idara ya ujasusi ya Kenya inaufikia mtandao wa simu moja kwa moja. Ikiwa ndivyo, hakuna pa kuweka sahihi, kwa kuwa hakuna anayeombwa. Bado nataka kibali, maana karatasi yenye jina na tarehe ni kitu ninachoweza kumpa wakili amuulizie mtu maswali. Zaidi ya hapo sijidanganyi.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi kupita hiyo *#62#: mnara. Afisa anapanda kizimbani na ramani yenye duara jekundu. "Mheshimiwa, rekodi zinaonyesha mshtakiwa alikuwa Likoni saa 19:42." Hapana. Rekodi zinaonyesha simu ilihudumiwa na mnara ulioko Likoni. Kivuko cha Likoni hakifiki upana wa kilomita moja, na juu ya maji mawimbi hayana cha kuyazuia, hakuna ghorofa, hakuna mti. Mtu aliyekaa Mama Ngina, upande wa kisiwani, anatafuna mihogo ya kukaanga, anaweza kabisa kuhudumiwa na mnara wa ng'ambo. Jioni ndiyo zaidi, wakati watu wa feri wamejazana na kila mmoja anampigia mwenzake kumwambia amechelewa: mnara ukielemewa, simu husukumwa kwa jirani yake. Simu haichagui mnara ulio karibu kwa hatua za miguu.

Wakili mmoja aliuliza swali nililomwandikia: duara hili la nusu kilomita, kipimo kimetoka wapi? Afisa akatazama ramani, akamtazama kiongozi wa mashtaka, akasema ndiyo kawaida. Kawaida ya nani? Mnara hautoi duara. Kwa kawaida una antena zinazogawana pande tatu, kila moja ikielekezwa kwake, na umbali unategemea nguvu, mwinamo wa antena, majengo na shughuli za saa hiyo. Zaidi ya yote, antena hugeuzwa. Fundi akipanda Machi akaibadilisha mwelekeo, ramani uliyochapisha Agosti haisemi chochote kuhusu Februari.

Halafu mnara unaoandikwa mara nyingi ni wa mwanzo wa simu. Aliyeanza kuongea ndani ya feri akakata akiwa Mwembe Tayari, kule mjini, anaweza kubaki Likoni kwenye karatasi kwa dakika ishirini nzima. Na kuna saa. Mfumo ukitoa muda wa dunia badala ya wetu, umepoteza saa tatu, na saa tatu zinatosha kumweka mtu kwenye mauaji au kitandani kwake.

Msidhani ni ujinga wa kwetu. Mwaka 2019 Denmark waligundua programu ya polisi ya kubadilisha rekodi ghafi ilikuwa inaacha baadhi ya data, na simu nyingine zikaunganishwa na minara isiyo yake. Walipitia upya kesi zaidi ya 10,000, wakawaachilia mahabusu kadhaa, na kwa miezi miwili data za simu zikasimamishwa mahakamani. Denmark, yenye kompyuta zake zote.

Nami ninapopanda kizimbani jibu langu huwa "inawezekana". Mahakimu hawalipendi neno hilo. Mmoja aliniuliza kwa nini mahakama inilipie nauli nije kusema inawezekana. Ndilo jibu la kweli nililonalo. Kwa hiyo wakili, ukiletewa karatasi zilizopangwa vizuri kwa rangi, dai faili ghafi, hati ya kuthibitisha ushahidi wa kielektroniki chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi na jina la aliyezitoa rekodi kwenye mtambo, orodha ya minara na mwelekeo wa antena kwa tarehe ya tukio, na maelezo ya saa iliyotumika. Ukikosa mojawapo, anza kelele hapo.

Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu visa 82 vya watu kutekwa kati ya Juni na Desemba 2024. Tangu wakati huo wanaonipigia si mawakili peke yao. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, wewe si unajua mambo ya simu? Nitazamie tu ilizimika wapi." Jibu lake lipo, limeandikwa, linakaa kwenye mtambo wa kampuni. Polisi wakilitaka wanajua mlango wa kubisha. Yeye sheria ya data inamwambia kwamba haki ya kuona rekodi, kifungu cha 26, ni ya mwenye data. Mwenye data ni mwanawe, ametimiza miaka 18, na aombe mwenyewe au amwidhinishe mtu. "Sasa atatia sahihi vipi na ndiye aliyepotea?"

Sikuwa na la kumjibu mama isipokuwa namba ya wakili. Njia iliyopo ni Mahakama Kuu, ombi la kutaka mtu aletwe mbele ya jaji, na ndani yake muombe amri ya kuhifadhi na kutoa rekodi: mnara wa mwisho, saa ya mwisho, na kama laini imewahi kuingizwa kwenye simu nyingine. Wengi huishia kuomba rekodi za laini. Ombeni na za IMEI. Laini hutupwa, lakini simu ikiwa nzuri kuna mtu ataiwasha.