Simu, sahani na dereva wa lori: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Mtazame dereva wa semi aliyekwama kwenye foleni ya mpakani: mkono mmoja simu, mwingine soda. Wapo waliodhani kazi ya kumfundisha lishe ni nyepesi, kwamba ukimtumia somo la lishe kwenye simu, soda ataitupa. Haya ndiyo yanayosemwa juu yake, na majibu yangu.

"Dereva hana muda wa mitandao."

Anao kumzidi karani. Magrupu ya WhatsApp ya madereva hayalali: foleni imeishia wapi, mizani ya Mikese ikoje, mlima Kitonga kuna gari limelala. Akishika usukani hapaswi kugusa simu, basi. Sauti ya nusu dakika ataisikiliza akiegesha. Kijitabu cha kurasa kumi kitamla bando tu.

"Barabarani hakuna chakula cha maana, ni chipsi mayai."

Hii nimeisikia hata kwa watu wa afya, na inaniudhi. Ruaha Mbuyuni vitunguu na nyanya vimepangwa kando ya lami. Makambako unapata parachichi za Njombe. Mama ntilie ana maharage, dagaa na mchicha tangu mchana. Shida ni saa. Dereva anaingia saa nne usiku, sufuria zimeshaoshwa, jiko linalowaka ni la chipsi.

Hapo grupu linaweza kufanya kazi ambayo bango la zahanati haliwezi. Aliyetangulia anapiga picha sahani yake, anaandika: "Makambako, wali maharage na tembele, elfu mbili na mia tano. Mama anafunga saa tatu." Neno lishe halimo, lakini aliye nyuma akisimama Iringa anapiga simu awekewe chake. Mahali, bei, saa ya kufunga: ndivyo wanavyopeana habari za barabara siku zote, na chakula kikiingia kwa mlango huo hakuna anayejiona anahubiriwa.

"Chumvi ya mawe haipandishi presha."

Ya mawe, ya pinki, ya pakiti, zote kwa sehemu kubwa ni sodiamu kloridi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na iliyopikiwa jikoni. Sasa fikiria ile inayonyunyizwa juu ya chipsi kabla hata dereva hajaonja.

"Enaji na soda ndizo zinazomfikisha."

Kafeini inaficha usingizi, haiulipi. Soda ya kola ya nusu lita ina sukari zaidi ya gramu 50, karibu vijiko 13 vya chai. Vipange vijiko hivyo kwenye dashibodi, upige picha, utume. Hakuna haja ya maelezo.

"Limao na tangawizi vinatosha, vidonge vya presha acha."

Huu ndio uzushi wa hatari kuliko yote, na mara nyingi unakuja na mishale miwili, alama ya ujumbe uliosambazwa mara nyingi. Tangu 2020 WhatsApp hairuhusu ujumbe wa aina hiyo kupelekwa zaidi ya sehemu moja kwa mara moja. Alama inakuambia umepita mikono mingi, haikuambii ni kweli. Limao kwenye chai halina ubaya, ila vidonge haachi mtu bila kuongea na daktari, na msimamizi wa grupu aliseme hilo siku ileile, si wiki ijayo.

"Tafuta daktari maarufu, arekodi video."

Video itasifiwa, itapita. Mkongwe mwenye kisukari anayetuma sahani yake kila safari, pamoja na siku aliyoteleza akala chipsi, ndiye watakayemuuliza maswali.

"Wa kuelimishwa ni dereva."

Na utingo je? Mara nyingi ndiye anayetumwa kununua chakula, na magrupu mengi hayana hata namba yake.