Laibrari ya opensosi haina kastoma kea

Kuna imani imekaa sana kwa madevelopa wa Nairobi, kwamba laibrari ya opensosi (msimbo ulioandikwa tayari, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuutumia kwa programu yake) ikitumika na watu wengi basi lazima kuna kampuni nyuma yake, na watu wako ofisini wanangoja swali lako. Inaeleweka, maana kitu umezoea kulipia kila mwezi huja na namba ya kupiga.

Lakini nyingi za hizi laibrari zinashikiliwa na mtu mmoja ama wawili wakitoka kazini, bila mshahara. Zingine kweli ziko na kampuni inalipa watu, so usikisie, angalia. Fungua faili ya LICENSE, yenye masharti ya kuitumia, soma ile aya ya herufi kubwa, karibu zote zinasema unapewa programu vile ilivyo, bila dhamana. Halafu uende kwa historia ya mabadiliko, uone nani anaandika na mara ya mwisho ilikuwa lini. Ukikuta jina moja tu limejaa pale, umeshajua unangoja nani.

Na kuomba msaada kuna namna yake. "Haifanyi kazi, nisaidieni haraka" hukaa tu hapo bila jibu. Weka toleo la laibrari, ujumbe wa hitilafu wote (si skrinshoti imekatwa nusu), na mistari michache ya msimbo yenye mtu mwingine akijaribu kwake anaona shida ile ile. Hiyo tayari ni mchango, hata kama hujui kurekebisha. Kusahihisha maelezo ya laibrari yaliyopitwa na wakati pia ni mchango, ila soma faili ya CONTRIBUTING kwanza kama iko, hapo ndio wanasema wanataka vitu viletwe aje.