Mshiko wa Mkono na Kukwama kwa Bastola

Miongoni mwa malalamiko yanayotufikia mara kwa mara sisi wakufunzi wa matumizi salama ya silaha ni lile la mmiliki halali anayesema kwamba bastola yake ya nusu otomatiki ni mbovu, kwa kuwa hukwama kila baada ya risasi chache. Fundi silaha akiifungua huikuta nzima: springi ina nguvu, mtutu ni safi, magazini, yaani kasha la risasi, haijapinda. Akiijaribu mwenyewe katika uwanja wa shabaha, kwa risasi zilezile, humaliza magazini bila hitilafu yoyote. Hali ikiwa hivyo, hitilafu mara nyingi imo katika mshiko. Mtu asiyelielewa jambo hili hubadilisha vipuri visivyo na kosa, kisha akaendelea kubeba silaha ambayo siku ya hatari haitamfaa.

Bastola nyingi za kisasa za milimita 9 hufuata utaratibu uliotokana na kazi ya Mmarekani John Browning, ambaye bastola yake iliyotengenezwa na kampuni ya Colt ilipitishwa na jeshi la Marekani mwaka 1911 kwa jina la M1911. Risasi inapofyatuliwa, mtutu na slaidi, yaani kile kipande cha chuma cha juu kinachoteleza, huanza kurudi nyuma vikiwa vimefungamana. Baada ya milimita chache mtutu huinama upande wa nyuma, huachana na slaidi na kusimama, huku slaidi ikiendelea na safari peke yake. Katika safari hiyo slaidi huchomoa ganda tupu la risasi kutoka chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa inapofyatuliwa, hulitupa nje, huikoki silaha, yaani huiweka tayari kufyatuka tena, na kuikandamiza springi. Springi ikijikunjua, huisukuma slaidi mbele, nayo huchukua risasi mpya kutoka kwenye magazini na kuiingiza chemba. Nguvu ya kazi yote hiyo hutoka kwenye msukumo wa risasi iliyofyatuliwa, wala hakuna akiba nyingine.

Kinachosahauliwa ni kwamba haitoshi slaidi kurudi nyuma. Ni lazima irudi huku fremu, yaani sehemu ya chini yenye mpini, ikibaki karibu na mahali pake. Anayegongea msumari kwenye ubao usioshikiliwa huona ubao ukiruka na msumari ukibaki nje, ingawa nyundo ni ileile. Vivyo hivyo, kifundo cha mkono kikilegea, fremu hurudi nyuma pamoja na slaidi, na mwendo wa slaidi juu ya fremu hupungua. Slaidi husimama kabla ya kufika mwisho wa njia yake na hugeuka mapema. Ganda ambalo halikutupwa kwa nguvu hubanwa likiwa limesimama wima kwenye tundu la kutolea maganda. Wakati mwingine ganda hutoka vizuri, lakini slaidi haikufika nyuma ya risasi inayofuata, hivyo hujifunga juu ya chemba tupu, na mpigaji husikia mlio mkavu pale alipotarajia mshindo.

Revolva, yaani bastola ambayo risasi zake hukaa ndani ya silinda inayozunguka, haina udhaifu huu, kwa sababu silinda yake huzungushwa na nguvu ya kidole au ya kukoki, wala haitegemei msukumo wa risasi.

Uzito wa fremu una nafasi kubwa katika suala hili. M1911, ambayo fremu yake ni ya chuma, ina takriban kilo 1.1 ikiwa tupu, na uzito huo husaidia kuituliza fremu hata mkono unapokuwa mlegevu. Glock 17, iliyotokea Austria mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikiwa na fremu ya plastiki ngumu, ina takriban gramu 700 pamoja na magazini tupu, na risasi zake 17 huongeza takriban gramu 200. Maana yake ni kwamba bastola hiyo huzidi kuwa nyepesi kadiri risasi zinavyopungua, na mshiko uliovumiliwa mwanzoni mwa magazini huenda usivumiliwe mwishoni. Bastola ndogo za kuficha mwilini hudai mshiko thabiti zaidi, hasa zikitumiwa na risasi zenye baruti dhaifu. Kwa maoni yangu, si chaguo jema kwa anayeanza kujifunza.

Mzunguko mzima wa slaidi huisha katika muda ulio chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, ilhali mwanadamu huhitaji takriban sehemu mbili za kumi ili kuitikia jambo. Kwa hiyo hakuna anayeweza kukaza mkono baada ya mshindo. Mkono uwe umekazwa kabla ya kidole kugusa kifyatulio. Napenda nisisitize kwamba hili si suala la misuli. Nawasikia watu wakidai kwamba wanawake au wenye mikono midogo hawaiwezi bastola, na dai hilo si sahihi. Kinachohitajika ni kiganja kukaa juu kabisa ya mpini, kifundo kisipinde, na mtutu uwe katika mstari mmoja na mfupa wa mkono. Mpini ukiwa mnene kupita kiasi, mpigaji huuzungusha mkono ili kidole kifike kwenye kifyatulio, na msukumo huangukia kwenye dole gumba badala ya mkono mzima; dawa yake ni mpini unaomtosha.

Vidole gumba navyo vina makosa yake. Kidole gumba kikilala juu ya kizuizi cha slaidi, yaani kile kitufe cha ubavuni kinachoishikilia slaidi nyuma, slaidi haitabaki wazi risasi zinapokwisha, na kikikisukuma juu, itabaki wazi risasi zikiwa bado zimo. Kikiisugua slaidi ubavuni, huipunguzia mwendo.

Hata hivyo, mkono usilaumiwe kwa kila jambo. Bastola ikikwama, elekeza mtutu mahali salama, ondoa kidole kwenye kifyatulio, kisha toa magazini na uhakikishe chemba ni tupu. Baadaye mpe mpigaji mwenye uzoefu silaha ileile, magazini ileile na risasi za boksi lilelile. Ikikwama mikononi mwake pia, badilisha magazini kwanza, kisha aina ya risasi, na ikiendelea kukwama ipelekwe kwa fundi silaha mwenye leseni, ikiwa pamoja na magazini zake zote na maganda yaliyobanwa.