Acheni Kulizungusha Chungwa

Juzi tena. Fundi wangu wa viatu hapa Embakasi anajua kazi yangu ni kupanga safari za ndege, basi akachukua chungwa, akachomoa njiti ya kiberiti, akanipa somo. Chungwa ni dunia, njiti ni ndege. "Unaona, mzee wangu? Ndege ikielekea New York, dunia inazunguka chini yake, mji unaletewa mlangoni."

Nikamuuliza: mbona basi kwenda ndiko kunakochelewa? Safari ya moja kwa moja ya Kenya Airways, Nairobi hadi New York, iliyoanza Oktoba 28, 2018 ilipangiwa saa 15 kwenda na 14 kurudi. Akalitazama chungwa, akalimenya.

Nairobi iko karibu na ikweta, na ardhi yetu inakimbia kuelekea mashariki kama mita 460 kila sekunde. Wewe, hewa na ndege mnakimbia nayo. Isingekuwa hivyo, ungeruka kidogo tu pale kituo cha basi cha Kencom ukatua mita 200 na ushei magharibi, upande wa Uhuru Park, tena bila nauli.

Wanaosema "nilitoka Nairobi saa tano usiku nikafika alfajiri, ni mwendo wa saa saba tu" wasahihishe saa zao: ile alfajiri ni ya New York, si ya Nairobi. Tuendelee.

Kinachoniudhi hasa ni watu kugawanya kilomita za ramani kwa mwendo wa ndege. Ni kama kilomita 11,850, ndege inakwenda kama 900 kwa saa, eti mambo yamekwisha. Hiyo 900 ni mwendo ndani ya hewa, na hewa yenyewe ina safari zake. Upepo wa omo wa kilomita 60 kwa saa ukikukabili saa 14, umekula kilomita 840, karibu saa nzima. Ukirudi, upepo uleule unakuwa wa tezi, unakusukuma kwa nyuma. Nahodha wa jahazi Lamu haelezwi haya. Na ramani yenyewe hainyooki: tangu vita vilipozuka Khartoum Aprili 2023, anga ya Sudan ikafungwa, ndege zilizokuwa zikipita huko zikazunguka.

Sasa niungame. Fundi hakupotea kabisa. Ule mkondo wa upepo wa juu unaovuma kuelekea mashariki, ambao kule Atlantiki ya kaskazini wakati wa baridi huweza kupita kilomita 300 kwa saa, unapindishwa na huohuo mzunguko wa dunia. Mzunguko umo, ila umepitia mlango wa nyuma. Sikumwambia, angenunua chungwa lingine.

Na upepo wenyewe tunautabiri tu. Kanuni huweka akiba, kwa kawaida asilimia 5 ya mafuta ya safari. Mimi mara nyingine naongeza kidogo kwa sababu roho haijatulia, nikijua sehemu yake itachomwa kwa kujibeba yenyewe. Kisha upepo unakuja kama ulivyoandikwa, na rubani ananiuliza mbona nimembebesha mzigo bure.